Kupima Maji ya Shamba la Kome

Ndugu msomaji, leo nakutoa kidogo kwenye mahindi na mihogo nikupeleke baharini. Kuna wakulima duniani ambao hawanunui mbolea, hawanunui pumba, hawapigi dawa, na bado wanavuna tani kwa tani za nyama kila mwaka. Hao ni wakulima wa kome.

Kome ni yule mnyama wa maganda mawili, meusi au ya buluu iliyoiva, anayejifunga kwenye mwamba kwa nyuzi zake mwenyewe. Huku kwetu mwambao, kome na jamaa zake akina chaza na kombe huokotwa zaidi kuliko kulimwa. Maji yakipwa, akina mama huteremka na vikapu, na jioni kitoweo kipo. Lakini Hispania, Ufaransa, Uholanzi, Ayalandi, Kanada, Chile na Uchina, kome ni zao kama zao jingine, lina mbegu, msimu, palizi, mavuno na bei. Wafaransa husimulia kwamba mtu mmoja aliyevunjikiwa na jahazi mwaka 1235 ndiye aliyegundua kwamba kome hunata kwenye miti iliyochomekwa ufukoni. Mimi nakipokea kisa hicho kama tunavyopokea visa vya wazee, ila miti ya kome ipo kweli na bado inachomekwa. Huko Galicia, kaskazini magharibi ya Hispania, tangu miaka ya 1940 wanatumia machelea ya mbao yenye kamba nyingi zinazoning'inia majini, na leo machelea hayo yanazidi 3,000.

Sasa kome anakula nini? Anakula bahari. Anaingiza maji ndani ya maganda, anayachuja, anabakiza vijimea vidogo visivyoonekana kwa macho, kisha anayatoa maji. Kome mkubwa mmoja anaweza kuchuja zaidi ya lita moja kwa saa, usiku na mchana. Hesabu mwenyewe kwa siku ni ndoo ngapi. Na hapo ndipo penye mkasa wote ninaotaka kukusimulia, kwa sababu ungo wa kome hauwezi kutenga vijimea vyema na vyenye sumu. Vyenye sumu vikizidi majini, sumu hiyo inajikusanya katika nyama yake. Yeye mwenyewe haugui. Anakaa na afya yake, mnene, anang'aa, na harufu yake ni nzuri. Anayeugua ni yule aliyemla. Kumchemsha hakusaidii, maana sumu hizi haziogopi moto.

Ndiyo maana historia ya kilimo cha kome, ukiitazama barabara, ni historia ya kupima maji. Na kila kipimo kimeletwa na msiba.

Msiba wa kwanza ulioandikwa vizuri upande wa Amerika ni wa tarehe 15 Juni 1793. Mabaharia wa Kiingereza waliokuwa chini ya Kapteni George Vancouver walikuwa wakichora ramani ya pwani ya magharibi ya nchi ambayo sasa ni Kanada. Wakasimama kwenye ghuba moja, wakachuma kome, wakastaftahi. Haukupita muda, baadhi yao wakaanza kufa ganzi midomoni, usoni na mikononi. Mmoja wao, John Carter, alikufa mchana wa siku ile ile. Vancouver aliliita hori lile Poison Cove, ndiyo kusema Hori la Sumu, na mahali alipozikwa baharia yule pakaitwa Carter Bay. Majina hayo yamo kwenye ramani hadi leo. Lakini kuandika jina la onyo kwenye ramani si kupima. Hori lile lile linaweza kuwa salama miezi tisa na kuua mwezi wa kumi.

Kipimo chenyewe kilisubiri hadi mwaka 1927. Mwaka huo, karibu na mji wa San Francisco, Marekani, watu 102 waliugua baada ya kula kome, na 6 wakafa. Madaktari wa Chuo Kikuu cha California, wakiongozwa na Karl Meyer, pamoja na mtaalamu Hermann Sommer, walitaka kujua sumu inatoka wapi. Iliwachukua takriban miaka kumi. Mwaka 1937 wakatoa jibu, kwamba inatoka kwa kijimea kimoja kinachoogelea, ambacho kikiongezeka sana majini kome huwa sumu, na kikipungua kome hujisafisha taratibu. Katika kazi hiyo wakabuni kipimo kilichokuja kutumika dunia nzima. Nyama ya kome inasagwa, inachemshwa kwa asidi kidogo, kisha maji yake anachomwa panya mdogo wa maabara mwenye uzito wa gramu 20. Ukitazama saa, muda anaochukua kufa unakuambia sumu ni kali kiasi gani.

Ni kipimo cha kikatili, sikatai. Lakini hebu kitazame kwa jicho la mtu wa ugani. Hakihitaji mashine ya thamani, majibu hutoka siku hiyo hiyo, na hakimwulizi panya sumu inaitwaje, kinamwuliza tu kama atakufa. Utaona baadaye kwa nini jambo hilo ni kubwa.

California ikaweka sheria ya kufunga uchumaji wa kome wa mwituni kuanzia 1 Mei hadi 31 Oktoba kila mwaka. Kanada ilianza kupima kome na jamaa zao katika ghuba ya Fundy mwaka 1943. Hispania ilijifunza kwa uchungu mwaka 1976, pale kome wa Galicia walipouzwa nje na watu zaidi ya mia moja wakaugua katika nchi kadhaa za Ulaya. Hapo ndipo ilipoonekana tofauti ya kuokota na kulima. Mtu anayeokota kome hulisha nyumba yake. Mkulima mwenye chelea hulisha watu asiowajua, waliotawanyika katika miji asiyowahi kuiona, na mzigo ukishapanda lori hakuna wa kuurudisha. Ufaransa nayo, baada ya maelfu ya watu kushikwa na tumbo la kuhara kwa ajili ya kome mwanzoni mwa miaka ya 1980, ilianzisha mwaka 1984 mtandao wa kuchunguza vijimea vya baharini pwani nzima.

Basi ikifika mwaka 1987 ungedhani kazi imekwisha. Sumu ya kufisha ganzi ilijulikana, na ya kuharisha pia. Kiwango cha sumu ya ganzi kilichokubaliwa kilikuwa miligramu 0.8 kwa kilo ya nyama, ikizidi hapo shamba linafungwa. Panya walikuwepo, na daftari pia.

Sasa twende kisiwa cha Prince Edward Island, mashariki ya Kanada. Ni nchi ya viazi, yenye udongo mwekundu kama wa Singida, na mito mifupi inayoingia baharini kwa midomo mipana. Kilimo cha kome kilikuwa kipya huko, hakijafikisha miaka kumi na mitano. Kome wachanga hutiwa ndani ya soksi ndefu za wavu, soksi zikaning'inizwa kwenye kamba zilizolazwa majini na kushikiliwa na maboya. Majira ya baridi maji huganda. Wakulima hutoboa barafu kwa msumeno, mpiga mbizi huzama, na soksi huvutwa juu kupitia tundu. Kome wa wakati huo ni watamu na bei ni nzuri, kwa kuwa Krismasi inakaribia.

Mwishoni mwa Novemba 1987 hospitali za Montreal zilianza kupokea wagonjwa wa ajabu. Walitapika, wakaumwa tumbo, wakaharisha, jambo ambalo kwa chakula kibaya si geni. Lakini wengine waliumwa kichwa vikali, wakachanganyikiwa, kisha wakasahau. Hawakusahau mambo ya zamani. Walisahau ya jana na ya asubuhi ile. Baadhi walipata degedege na kuzimia. Walipohesabiwa wale ambao dalili zao zilithibitika, walikuwa 107. Waliolazwa ni 19, na kati yao 12 walihitaji uangalizi wa karibu sana. Watatu walikufa. Walioumia zaidi walikuwa wazee na watu waliokuwa na maradhi tangu awali, kama ya figo. Wachache waliopona mwili hawakurudishiwa kumbukumbu yao, na waliopasuliwa baada ya kufa walikutwa wameharibika ile sehemu ya ubongo inayohifadhi mambo mapya.

Wote walikuwa wamekula kome, na kome wale walifuatiliwa hadi midomo ya mito ya mashariki ya kisiwa kile.

Nini kilimponyoka mpimaji? Hakikumponyoka kitu alichokuwa akikitafuta. Sumu ya ganzi haikuwemo. Lakini maji ya kome wale walipochomwa panya kwa kipimo kile cha zamani, panya walikufa, tena kwa namna ambayo hakuna fundi wa maabara aliyewahi kuiona. Kabla ya kufa walikuwa wakijikuna mabega kwa miguu ya nyuma, wakijikuna bila kukoma. Panya wa sumu ya ganzi hulegea na kukosa pumzi; hajikuni. Mkuno ule ndio uliosema kwamba humu mna kitu kipya.

Katikati ya Desemba wataalamu walikusanyika katika maabara ya Baraza la Taifa la Utafiti mjini Halifax. Kazi yao ilikuwa kama kupepeta. Maji ya kome yanagawanywa mafungu, kila fungu linajaribiwa kwa panya, lisilo na sumu linatupwa, lenye sumu linagawanywa tena. Haikupita juma moja wakabaki na kitu kimoja mikononi, asidi ya domoiki.

Jina hilo halikuwa geni kabisa. Mwaka 1958 Wajapani waliitoa asidi hiyo katika mwani mwekundu ambao watu wa visiwa vyao vya kusini waliutumia tangu zamani kama dawa ya minyoo. Ndiyo, dawa, kwa kipimo kidogo. Hakuna aliyefikiri ingekutwa kwenye soksi za kome Kanada. Mwani ule wa Kijapani haukuwemo mitoni mle. Wakachunguza matumbo ya kome wakayakuta yamejaa kijimea cha jamii ya diatomu, kile ambacho leo wataalamu hukiita Pseudo-nitzschia multiseries. Ni kama vijiti vyembamba vilivyoungana ncha kwa ncha. Majini vilikuwa mamilioni katika kila lita.

Diatomu, ndugu msomaji, ndizo majani ya malisho ya bahari. Tangu hapo hakuna diatomu iliyojulikana kumdhuru mtu. Mpimaji aliyeziona kwenye darubini aliziandika kama chakula kizuri cha kome, akafurahi. Ni sawa na bwana mifugo kuambiwa leo kwamba nyasi fulani, ambazo ng'ombe wamezila miaka yote, zinaua wanaokunywa maziwa.

Mashamba yalifungwa. Kwa mkulima aliyekopa akanunua kamba na maboya, mwezi wa Desemba wenye soko bora kuliko yote ukageuka mwezi wa kukaa nyumbani akitazama barafu. Hakuwa amekosa lolote. Hakumwaga dawa, hakuuza kome wafu. Serikali ikaweka kiwango kipya cha miligramu 20 za asidi hiyo kwa kilo ya nyama ya kome, na kipimo cha kikemikali cha kuisoma. Kwa kulinganisha, katika kome wa msiba ule zilikutwa mamia ya miligramu kwa kilo. Kijimea kilipopungua majini, kome walijisafisha, wakapimwa, na mwaka 1988 biashara ikaanza kufufuka. Kisiwa kile leo ndicho kinachotoa sehemu kubwa ya kome wote wanaolimwa Kanada, na kiwango cha miligramu 20 kinatumika pia Marekani na Ulaya.

Kabla sijaendelea na sumu, niseme machache juu ya upimaji wa namna nyingine mbili, kwani mtu asije akadhani kome huchunguzwa kwa ajili ya vijimea peke yake.

Namna ya kwanza ni kumtumia kome mwenyewe kama chombo cha kupimia. Mwaka 1975 Edward Goldberg, mtaalamu wa bahari wa Kimarekani, alishauri kwamba badala ya kuhangaika kupima maji ambayo leo yapo na kesho yamekwenda, tupime kome. Hahami, anapatikana pwani nyingi, na anakusanya mwilini risasi, zebaki, mafuta na DDT. Ufaransa ilikuwa imeanza uchunguzi wa namna hiyo mwaka 1974. Marekani iliuweka kuwa mpango wa kudumu wa taifa mwaka 1986. Wazee wa pamba wanaikumbuka DDT. Marekani ilipiga marufuku matumizi yake mengi mwaka 1972, na ni nyama ya kome iliyoonyesha, mwaka baada ya mwaka, jinsi inavyopungua pwani, polepole sana.

Namna ya pili ni kutazama chini ya shamba. Kome maelfu kwa maelfu wakila, wanatoa choo. Huko Uswidi, mwanzoni mwa miaka ya 1980, wataalamu walizama chini ya kamba za kome wakakuta uchafu unarundikana kuliko mahali pa jirani, tope jeusi lenye harufu ya yai viza, utando mweupe wa bakteria juu yake, na wanyama wa tope waliozoeleka wametoweka, wamebaki minyoo wachache wavumilivu. Mahali penye mkondo mzuri uchafu husombwa. Mahali palipozibwa haufiki popote. Tangu hapo nchi nyingi humtaka mkulima achote tope chini ya shamba lake lipimwe, na pakiharibika apunguze kamba au ahame. Hapa sina maneno mengi; mfugaji wa kuku aliyewahi kusahau kutoa taka bandani ameshanielewa.

Turudi kwenye sumu. Baada ya 1987 ungedhani tena kwamba orodha imetimia. Mwaka 1995 watu wasiopungua wanane nchini Uholanzi waliugua kwa kula kome waliotoka Killary Harbour, Ayalandi. Ilikuwa sumu mpya, isiyojulikana kwa yeyote, na jina lake lilipatikana baadaye.

Sasa yako mabishano ambayo mimi nayaona ndiyo kiini cha jambo hili. Panya alilaumiwa kwa haki. Anateseka, jibu lake hubadilika, na sumu ikiwa kidogo hushindwa kuiona. Kuanzia mwaka 2011 nchi za Jumuiya ya Ulaya zilianza kumwondoa katika upimaji wa sumu zile za kuharisha na jamaa zake, zikaweka mashine za kemia. Mashine ni sahihi kuliko panya, haichoki, na inatoa tarakimu. Lakini mashine hujibu swali uliloiuliza. Ukiiuliza kama asidi ya domoiki ipo, itakujibu, wala haitakuambia kwamba kuna kitu kingine cha ajabu hapa. Haijikuni. Mwaka 1987 kilichowaokoa watu wengi zaidi wasife ni kipimo butu, kilichotazamwa na mtu aliyejua panya wa kawaida hufaje.

Sisemi panya arudishwe. Nasema pengo aliloliacha linahitaji kuzibwa, na nchi zenye busara huliziba kwa njia tatu. Huhesabu vijimea vyote kwa darubini kila juma, hata vile vinavyodhaniwa vyema. Huwasikiliza madaktari wa miji ya mbali wanaopokea wagonjwa. Na huweka akiba ya sampuli, chupa ndogo ya maji au nyama yenye tarehe na mahali, hata pale ambapo leo hakuna swali la kuiuliza. Mkulima mdogo anayeanza kufuga chaza au kome katika hori lolote la mwambao wetu anaweza kuanza na hilo la tatu pamoja na daftari la joto la maji, rangi yake na siku ya mvua kubwa, bila kusubiri maabara.

Juu ya chupa za akiba kuna habari moja. Mwezi Agosti 1961, usiku, ndege wengi wa baharini walivamia mji wa Capitola, California. Waligonga nyumba na nguzo za taa, wakatapika samaki, wakafa barabarani. Watu walisema ni ukungu umewapoteza. Mwaka 1991, katika ghuba ile ile ya Monterey, ndege wengine walikufa, na safari hii asidi ya domoiki ikakutwa katika dagaa waliokuwa wamewala. Ndipo watu wakaanza kuukumbuka usiku ule wa 1961. Lakini ndege wale walikuwa wameshafukiwa miaka thelathini.

Kumbe kiangazi kile cha 1961 wataalamu walikuwa wamechota vidudu vya baharini katika ghuba hiyo kwa kazi nyingine kabisa, wakavihifadhi kwenye chupa. Chupa zilikaa kabatini nusu karne. Zilipofunguliwa, na matokeo kuchapishwa mwaka 2012, matumbo ya vidudu wale yalikutwa yamejaa vile vijiti vyembamba vilivyoungana ncha kwa ncha, na sehemu kubwa ilikuwa ya aina zinazotoa sumu.